Alikuwa akinyanyuliwa na wenzake; sasa amerefuka na ameacha kula

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tuhamie Texas, katika mji mdogo ulio pembezoni mwa Dallas. Ninakuandikia kuhusu binti yangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 13, ambaye tangu akiwa na miaka 8 amekuwa akicheza mchezo wa washangiliaji. Sisemi ule wa kupunga mikono pembeni ya uwanja tu, bali ule wa mashindano, ambamo watoto hunyanyuana, hupanda mabegani, hurushana hewani na kudakana. Katika kila kikundi huwamo wawili wanaoshika miguu kutoka chini, mmoja anayesimama nyuma yao, na yule anayepandishwa juu, ambaye wao humwita flaya. Binti yangu alikuwa flaya kwa miaka mitano. Alikuwa mdogo kuliko wote, na udogo huo ndio uliokuwa fahari yake, kiasi kwamba hata nyumbani tulizoea kumwita Kijiti.

Julai ya mwaka jana alikuwa na kimo cha sentimita 146 na uzito wa kilo 36. Mwezi Mei mwaka huu daktari alipompima kwa ajili ya fomu za michezo, alikuwa na sentimita 155 na kilo 45. Alivunja ungo mwezi Januari. Wiki mbili baada ya vipimo hivyo yalifanyika majaribio ya kupanga timu, na kocha alimwambia mbele ya wenzake kwamba amekuwa mkubwa mno kwa kazi ya juu, akamrudisha nyuma kuwa mlinzi wa wengine, na nafasi yake akapewa mtoto wa miaka 11.

Tangu siku hiyo zimepita wiki sita. Asubuhi anasema tumbo linamuuma, jioni anasema amekula mazoezini. Jumatatu na Alhamisi anasema amefunga sunna, na mwanzoni nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mcha Mungu, mpaka nilipofungua mfuko wake wa mazoezi ili nifue sare, nikakuta chini ya pomponi zake, yale mafundo ya nyuzi za kushangilia, chapati tatu zilizokauka kama ngozi ya ngoma, zimeviringishwa katika karatasi ya jikoni, kila moja peke yake. Mizani ya bafuni niliificha kabatini, naye akaipata. Juzi nilimkuta amesimama juu yake saa kumi na moja alfajiri, bila viatu wala sweta, na nilichosoma ni kilo 42 na nusu. Hedhi yake haijaonekana kwa miezi miwili.

Mama yangu alipompigia simu ya video wakati wa Idi alimwambia kwa furaha, "Mashallah, umenawiri, umekuwa mwanamke kamili." Binti aliondoka mbele ya simu akajifungia chumbani akilia. Baba yake amechoka na machozi, anasema mchezo wenyewe ni wa kujionyesha tu na kwamba aache mara moja. Mimi ninataka kujua iwapo kocha amemtendea haki, iwapo kweli katika mchezo huu mtu akirefuka basi amekwisha, na iwapo baba yake ana haki ya kumtoa. La mwisho ninaliandika kwa aibu: wiki ya kwanza, nikidhani ninamsaidia, nilimwambia, "Punguza chapati kidogo, pengine watakurudisha juu." Je, ni mimi niliyemfikisha hapa?

Mama mwenye hofu, Texas


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye zile chapati. Umeuliza mambo manne, na hilo uliloliweka mwisho kwa aibu ndilo nitakalolishughulikia kwanza, kwa kuwa habari za kocha na nafasi zinaweza kungoja hata msimu mwingine, ilhali hili la chakula halifai kungoja wiki nyingine.

Mtoto ambaye bado anakua hutakiwa kuongezeka uzito. Kilo mbili na nusu zikimpungua mtu mzima wa kilo 80, ataona mkanda wa suruali umelegea, basi. Zikimpungua msichana wa kilo 45 ambaye mifupa yake ingali inarefuka, mwili umeanza kula akiba uliyoihitaji kujengea. Na hizo kilo 45 ambazo zimemtia simanzi zilikuwa uzito wa kawaida kabisa kwa msichana wa sentimita 155. Hapakuwa na kitu cha kupunguza. Mpigie simu daktari wake wa watoto siku hiihii utakaposoma majibu haya, na usikubali kupewa miadi ya mwezi ujao. Mweleze kwamba uzito umeshuka kilo mbili na nusu ndani ya wiki nane hivi, kwamba mtoto anaficha chakula, kwamba anajipima alfajiri, na kwamba hedhi imekosekana. Hedhi peke yake isingenitisha, maana katika mwaka wa kwanza na wa pili tangu kuvunja ungo ni kawaida kurukaruka, lakini inapokosekana wakati uleule uzito unaposhuka, daktari hana budi kujua. Akizimia, akipata mapigo ya moyo ya polepole au yasiyo na mpangilio, au ukigundua kwamba anajitapisha, usingoje miadi bali mpeleke hospitali saa ileile. Akitamka neno lolote la kutotaka kuishi, namba ya simu ya msaada 988 huko Marekani hupokelewa usiku na mchana.

Ninayasema haya kwa mkazo kwa sababu yanajulikana vyema kitabibu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu wake kuhusu hali ya mchezaji kula pungufu ya kazi anayoufanyisha mwili wake, na wakaeleza kwamba upungufu huo hugusa hedhi, mifupa, kinga ya mwili, moyo, na hata hali ya moyoni. Katika miaka miwili inayozunguka kilele cha kurefuka, msichana huweka takriban robo ya madini yote ya mifupa atakayoishi nayo utu uzimani. Binti yako yumo ndani ya miaka hiyo sasa hivi. Na wala hayuko peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, kuhusu washangiliaji wa vyuo, ulikuta karibu theluthi moja wakiwa katika hatari ya matatizo ya ulaji, na kwamba sare zinazoacha tumbo wazi ndizo zilizoambatana zaidi na mtu kutoridhika na mwili wake.

Sasa kuhusu wewe. Neno lako la chapati halikuanzisha ugonjwa huu peke yake. Kulikuwa na kimo, kulikuwa na tangazo la kocha mbele ya watu, kulikuwa na miaka mitano ya kusifiwa kwa udogo, na hata jina la Kijiti ambalo ninakuomba mlizike leo. Lakini neno hilo alilisikia, na linatakiwa kuondolewa na kinywa kilekile kilicholitamka. Keti naye mkiwa wawili tu, umwambie, "Nilikwambia upunguze chapati. Nilikosea. Mwili wako unakua na unahitaji chakula, na kazi ya kukulisha ni yangu." Usiongeze maelezo, wala usimtake akujibu. Kuanzia siku hiyo, mpaka daktari na mtaalamu wa lishe watakapoelekeza vingine, wewe au baba yake mkae naye katika milo mitatu na vitafunio viwili kila siku, hadi sahani iishe, bila ugomvi na bila kuhesabu matonge kwa sauti. Mpe uji wa maziwa, mayai, maharage ya nazi, samaki, wali, na hizohizo chapati, nawe ule mbele yake. Msichana wa umri wake anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa hutoa takriban 300, kwa hiyo mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao si anasa. Mizani itoke nyumbani kabisa. Uzito wake aupime daktari.

Kuhusu saumu za Jumatatu na Alhamisi, usimtuhumu kwamba anaitumia ibada kama pazia, hata kama moyoni unaamini hivyo. Hizo ni saumu za hiari, na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula hata katika Ramadhani iliyo faradhi. Mwombe baba yake, au shekhe au ustadhati ambaye binti anamheshimu, amweleze jambo hilo kwa upole, ili asibaki akidhani kwamba kati ya mama yake na Mola wake imembidi achague mmoja.

Tuje sasa kwenye mchezo wenyewe, kwa maana kuna ukweli ambao lazima binti yako auelewe, na ukweli huo ni mpana kuliko lile neno "mkubwa mno" alilotupiwa.

Wewe umekulia Tanga. Bila shaka umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani. Unajua kwamba ndoo iliyojaa nusu husumbua shingo kuliko iliyojaa, kwa sababu maji yake husukasuka, na ndiyo maana akina mama huweka majani au kisahani juu ya maji ili yatulie. Unajua pia kwamba mtoto aliyelala mgongoni ni mzito kuliko yuleyule akiwa macho, ingawa mizani ingesema kilo zilezile. Hiyo ndiyo elimu ya mpandaji, yule mnayemwita flaya. Anayejikaza kuanzia kisigino hadi bega, akafunga magoti na kuinua kifua, hubebeka; anayelegea, hata akiwa na kilo 35, huwaangusha wenzake. Kwa miaka mitano binti yako amejifunza kuwa ndoo iliyotulia. Lakini kujikaza huko ni kazi ya misuli, na mtoto aliyeshinda na njaa hana misuli ya kujikazia. Ule ule mkate anaoukwepa ili awe mwepesi ndio ambao ungemfanya abebeke.

Hata hivyo nisikufiche: kilo zenyewe zina hesabu yake. Kutoka 36 hadi 45 ni ongezeko la robo nzima. Wainuaji wa rika lake, ambao huenda nao hawafikishi kilo 50, wangetakiwa kuushika mzigo huo mikono ikiwa imenyooka juu ya vichwa vyao, na anaposhuka waudake ukiwa unaanguka, ambapo nguvu inayowafikia mikononi hupita uzito wa mwili mara kadhaa. Kimo nacho kina yake. Nyonga ya mpandaji ikiyumba kidogo, kadiri alivyo mrefu na mzito ndivyo walio chini wanavyohitaji nguvu zaidi kumrudisha wima. Na katika kujizungusha hewani, jaribu mwenyewe jikoni: zungusha mwiko kwa kiganja, kisha ujaribu kuuzungusha mchi. Mtu aliyerefuka anahitaji nguvu nyingi zaidi kuzunguka mara zilezile kabla hajadakwa.

Kisha kuna jambo ambalo makocha wengi hulijua kwa uzoefu lakini hawalielezi kwa watoto. Mwili haukui wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, miguu hufuata, kiwiliwili huja nyuma, na uzito huongezeka kwa kasi yake kubwa takriban nusu mwaka baada ya kimo. Wasichana wengi hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 12 hivi, kwa mwendo wa takriban sentimita 8 kwa mwaka, na hedhi ya kwanza huja baada ya kilele hicho. Katika miezi hiyo, msichana aliyekuwa akisimama kwa mguu mmoja juu ya viganja vya wenzake kama amepigiliwa msumari hujikuta akiyumba, kwa sababu ubongo wake bado unaongoza miguu ya mwaka jana. Anajiona amekuwa mzembe. Hajawa mzembe; anajifunza upya mahali miguu yake inapoishia, na mara nyingi mazoezi ya subira ya miezi kadhaa, chini, karibu na sakafu, humrudishia utulivu wake.

Kwa kuwa alivunja ungo Januari, sehemu kubwa ya mbio zake za kurefuka imekwisha kupita. Wasichana wengi baada ya hapo huongeza sentimita 5 hadi 7 tu, tena taratibu. Daktari anaweza kukuonyesha mchoro wa ukuaji wake, na ninakushauri binti auone pia, aone kwamba mstari wake unapanda kama ilivyotarajiwa. Kujinyima hakuwezi kumrudishia hata sentimita moja ya zile 9.

Je, akirefuka amekwisha? Hapana, na sababu yake ni kwamba ukubwa katika mchezo huu hupimwa kwa kulinganisha. Msichana wa sentimita 155 ni mrefu akiwa juu ya mikono ya watoto wa miaka 12, na ni mdogo akiwa juu ya mikono ya wasichana wa miaka 17 waliofanya mazoezi ya nguvu. Katika timu za vyuo zenye wanaume na wanawake, mwanamume mmoja humnyanyua mwanamke mmoja peke yake, na baadhi ya wanawake wanaopanda humo wamemzidi binti yako kimo na uzito. Kwa hiyo akiingia sekondari na kupangwa pamoja na wakubwa, anaweza kupanda tena, au anaweza kupanda katika mwinuo wa kufikia mabega tu na kuwa chini katika ule wa juu zaidi. Lakini usimwahidi hilo, kwa maana ahadi ya kurudi juu itamrudisha kwenye mizani.

Kuhusu kocha, ninaona alikuwa na haki ya kupanga na hakuwa na haki ya kusema vile alivyosema. Kupanga kikundi ni suala la usalama, na kama wainuaji alionao hawawezi kumdaka mtoto huyu kwa uhakika, basi kumshusha kunalinda shingo yake yeye na vidole vyao wao. Bali kumtangazia msichana wa miaka 13, aliyevunja ungo miezi minne kabla, mbele ya rika lake, kwamba mwili wake umekuwa mkubwa mno, ni kosa la malezi, tena kubwa. Angeweza kumwita pembeni akamwambia, "Kwa vikundi tulivyo navyo mwaka huu, ninakuhitaji nyuma, na nitakufundisha kazi hiyo." Habari ingekuwa ileile, na mtoto angerudi nyumbani akiwa na kazi ya kujifunza. Nenda ukaonane naye bila binti kuwapo. Mweleze hali ya afya, maana anapaswa kuijua kabla hajamweka mtu mwingine mikononi mwa mtoto asiyekula. Mwombe asiwapime wala kuwatajia watoto uzito mbele ya wengine. Muulize wanafanya mazoezi gani ya kuimarisha miguu, tumbo na mabega, ana mafunzo gani ya usalama, na ni nani atakayemfundisha binti nafasi mpya na kwa muda gani kabla ya kunyanyua juu. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa waraka mwaka 2012 kikitaka makocha wa mchezo huu wawe na mafunzo, wachezaji wapimwe afya kabla ya msimu na wafanyishwe mazoezi ya nguvu, kwa hiyo hutakuwa unaomba hisani. Kocha akikuona msumbufu kwa maswali hayo, utakuwa umepata jibu kuhusu klabu hiyo.

Na kazi yenyewe ya nyuma, ambayo binti yako anaiona kama adhabu, ninaifahamu kwa karibu, kwa maana binti yangu aliifanya kwa miaka mitatu. Mlinzi wa nyuma huchaguliwa mara nyingi kwa kimo, kwa kuwa ndiye anayetakiwa kuvifikia vifundo vya miguu vya mpandaji hata wainuaji wanaponyoosha mikono. Yeye ndiye anayehesabu kwa sauti ili wote wanyanyue kwa pigo moja. Anapomwinua mpandaji humshika kiunoni, kisha mikono yake hupanda pamoja naye hadi kwenye vifundo, akivivuta kwenda juu ili kupunguza uzito kwa walio mbele, na macho yake hayatoki kwenye mgongo wa mwenzake hata kama uwanja mzima unapiga kelele. Mpandaji anaposhuka, wainuaji hudaka mapaja na mgongo kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, na yeye hupitisha mikono chini ya makwapa na kukizuia kichwa kisitangulie. Nilikuwa nikimwona binti yangu akirudi nyumbani na alama za vidole vya viatu kwenye mfupa wa bega, na mara moja na mdomo uliopasuka kwa kiwiko cha mwenzake. Siku moja mpandaji wao aliteleza kinyumenyume kutoka juu kabisa. Yeye hakupiga kelele. Alipiga hatua moja nyuma, akampokea kifuani, wakakaa chini wote wawili kwa kishindo, na yule mtoto akainuka mzima. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa watazamaji waliona kosa tu. Lakini tangu siku hiyo yule mtoto hakukubali kupanda kama binti yangu hayuko nyuma yake.

Mtu aliyekuwa juu kwa miaka mitano anaijua hofu ya kule juu. Anajua ni wapi mkono wa mlinzi ukichelewa moyo huruka. Binti yako ana maarifa ambayo walinzi wengi huyakosa, na yule mtoto wa miaka 11 aliyechukua nafasi yake anayahitaji kuliko mtu yeyote katika timu ile. Usimwambie hivyo ili kumfariji. Mwombe akueleze mwenyewe jinsi anavyotaka kushikwa mtu aliye juu, na umsikilize hadi mwisho. Hata hivyo, hayo ni baada ya daktari kuruhusu. Mpaka uzito wake urudi kupanda, asinyanyue mtu wala asinyanyuliwe. Anaweza kuhudhuria, kuhesabu na kutazama, iwapo daktari ataona kuhudhuria kwenyewe hakumwumizi. Na akirejea, akilalamika maumivu ya chini ya mgongo, hasa anapojipinda kinyumenyume, yakadumu zaidi ya wiki mbili, au ya kisigino, chini ya goti au kifundo cha mkono, apelekwe kupimwa, kwa sababu sehemu za mifupa zinazokua ni laini kuliko mfupa uliokomaa.

Mwambie mumeo kwamba ninaielewa hasira yake, na kwamba ana haki, pamoja nawe, ya kumsimamisha mtoto kwa ajili ya afya. Ila asimtoe kwa ghadhabu, kwa maana binti ataona amepokonywa vitu viwili ndani ya miezi miwili, na kwamba vyote vimepotea kwa kosa la mwili wake. Wala si mchezo wa kujionyesha tu. Ulianza mwaka 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi mmoja aitwaye Johnny Campbell aliposimama kuongoza sauti za mashabiki, na kwa miaka ya mwanzo walioufanya walikuwa wanaume. Leo shirikisho lake la kimataifa linatambuliwa rasmi na Kamati ya Olimpiki, tangu mwaka 2021. Kama baba yake hajawahi kukaa kwenye mazoezi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aende mara moja kabla hajaamua.

Mama yako hakukosea kwa lugha yetu. Kwetu kunawiri ni neema, na mtu akiambiwa amenenepa husema alhamdulillahi. Lakini mjukuu wake amekulia mahali ambapo neno hilo lina sura nyingine, na sasa hivi amejeruhika. Mpigie bibi pembeni, umweleze bila kumlaumu, na umwombe kwa miezi hii asitaje mwili kabisa, awe mwembamba au mnene. Amuulize habari za wadogo zake, za shule, na amsimulie alivyokuwa yeye mwenyewe akiwa na miaka 13, alipoanza kubeba ndoo kubwa.

Jumamosi hii, mkishatoka kwa daktari, mpitishe dukani mkapime viatu vyake vya mchezo. Nyayo hutangulia kukua, na kwa sentimita 9 alizoongeza, nina hakika vile vya mwaka jana vinambana, naye hajakwambia. Mwache achague jozi mwenyewe, na namba itakayosomwa pale, iwe yoyote, muuzaji aiandike bila yeyote kati yenu kusema neno.